Mgonjwa wa Saratani na Zawadi za Chakula

Kwenda kumjulia hali mgonjwa mikono mitupu ni jambo la aibu karibu kwa makabila yote ya Kenya. Mluhya atakuja na kuku aliyefungwa miguu, Mkikuyu atakuja na kikapu cha ndizi na viazi, Mjaluo atakuja na samaki, na Mkalenjin haonekani mlangoni bila kibuyu cha mursik. Kule pwani watu watakuja na mahamri, mkate wa kumimina na madafu. Hata aliye maskini kabisa atapitia sokoni anunue maembe manne, kwani anajua kwamba akiingia bila kitu watu watamtazama mikono kabla ya kumtazama uso.

Desturi hii ni njema, na mimi si mmoja wa wale wanaotaka desturi zetu zitupwe. Lakini yuko mgonjwa wa namna moja ambaye zawadi hizo zaweza kumdhuru, naye ni yule anayetiwa dawa za saratani, zile ambazo madaktari huziita kemotherapi na watu mitaani wamezifupisha wakaziita kemo.

Mimi nililijua jambo hili kwa njia ya uchungu. Shangazi yangu, ambaye kwake ni Nakuru, alipatikana na saratani ya titi. Akapasuliwa, akapona kidonda, kisha akaambiwa kwamba atatiwa dawa mara sita, kila baada ya majuma matatu. Nakuru ni mji wa watu wa kila namna, na shangazi ameishi huko zaidi ya miaka thelathini akiuza nguo sokoni na kuimba katika kwaya ya kanisa. Habari zilipoenea kwamba hajiwezi, nyumba ilijaa. Kuna siku nilihesabu vyakula vya aina kumi na moja juu ya meza moja.

Dawa ya kwanza aliistahimili vizuri, ila nywele zilianza kumtoka. Dawa ya pili ilimchosha zaidi. Siku ya tisa baada ya dawa hiyo ilikuwa Jumapili, na wageni walikuja kutoka kanisani moja kwa moja. Mmoja alileta nyama choma iliyonunuliwa kando ya barabara, na kachumbari yake ndani ya mfuko wa plastiki. Mwingine alileta mursik kutoka Kapsabet. Kulikuwa na wali wa jana uliokuwa umelala ndani ya sufuria, ukapashwa moto juu juu. Shangazi hakuwa na hamu ya kula, lakini alionja kila kitu kwa sababu ya heshima. Sisi tulifurahi sana kumwona akila.

Jumatatu usiku akaanza kutetemeka. Mwanawe alisema ni malaria, akaenda kabatini kutafuta vidonge. Ni binti wa jirani, aliyekuwa akisomea uuguzi, ndiye aliyevipokonya vile vidonge na kuuliza kama pana kipimajoto. Kilipowekwa kwapani kilionyesha digrii 38.6. Binti yule alisema, "Huyu si wa kungoja asubuhi." Ikapata saa saba za usiku tumo ndani ya teksi.

Shangazi alilazwa siku tisa. Asubuhi ya kwanza daktari alitukuta tumesimama kando ya kitanda, watu watano, kila mmoja na chupa yake ya uji. Akauliza, "Ni nani amekuwa akimlisha mama huyu?" Tukajibu kwa fahari kwamba ni watu wote. Naye akatikisa kichwa. Ijapokuwa alikiri kwamba hakuna awezaye kusema kwa hakika ni chakula gani kilichomdhuru, au kama kweli ni chakula, alitutaka tumtajie kila kitu alichokula tangu Ijumaa. Tulipomaliza kutaja, hakutukemea. Alituita pembeni akatueleza jinsi dawa hizi zinavyofanya kazi, na tangu siku hiyo nimeona kwamba kila nyumba yenye mgonjwa kama huyu ingefaa kuelezwa hivyo kabla ya dawa ya kwanza.

Saratani ni chembe za mwili zilizoacha kutii, zikawa zinazaana bila kipimo. Dawa hizi hushambulia chembe zinazozaana upesi. Lakini dawa nyingi kati ya hizo haziwezi kutofautisha vizuri chembe mbaya na chembe nzuri. Mizizi ya nywele huzaana upesi, ndiyo sababu nywele hutoka. Ngozi laini ya ndani ya kinywa na ya matumbo huzaana upesi, ndiyo sababu mgonjwa hupata vidonda mdomoni na tumbo kumchafuka. Na uboho ulio ndani ya mifupa, unaotengeneza damu kila siku, nao huzaana upesi. Hapo ndipo penye hatari kubwa, kwani uboho ndio unaotengeneza chembechembe nyeupe za damu ambazo ndizo askari wetu dhidi ya vijidudu. Kwa dawa nyingi, askari hao hupungua mno kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya kutiwa dawa, kisha huanza kurudi polepole. Shangazi alikuwa katika siku ya tisa. Ukuta wa matumbo yake ulikuwa umekonda, na walinzi hawakuwapo. Vijidudu ambavyo mimi nikivila nitaendesha mara mbili na kusahau, kwake vinaweza kupenya vikaingia katika damu.

Kwa ajili hiyo homa ya digrii 38 au zaidi kwa mtu anayetiwa kemo si jambo la kumeza vidonge vya malaria na kulala. Ni jambo la kwenda hospitali saa ile ile, hata iwe ni usiku, na kumwambia wa kwanza utakayemkuta mlangoni kwamba mgonjwa huyu anatiwa dawa za saratani, ili asiketishwe kwenye benchi pamoja na wenye mafua. Wala haifai kumpa kwanza dawa ya kutuliza homa, kwani homa ikifichwa daktari hataiona. Sisi Wakenya tumezoea kwamba kila homa ni malaria mpaka idhihirike vingine. Mazoea hayo yanakaribia kutuua.

Hapa naomba msomaji aniruhusu nitoke kidogo nje ya jikoni. Wako wanaodhani kwamba dawa hizi ni mambo mageni yaliyotufikia juzi kutoka Ulaya. Kumbe Afrika Mashariki ina sehemu yake katika habari hii. Mwaka 1958 daktari mpasuaji wa Mulago, Kampala, jina lake Denis Burkitt, aliandika juu ya uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto wa sehemu hizi, na uvimbe huo ukaitwa kwa jina lake. Katika miaka ya 1960 ilionekana kwamba baadhi ya watoto hao waliponeshwa kwa dawa peke yake, bila kisu, jambo ambalo siku zile lilikuwa la ajabu duniani kote. Mwaka 1967 taasisi ya saratani ilifunguliwa huko Kampala, nayo ipo hadi leo. Tena mojawapo ya dawa zilizosaidia watoto wenye saratani, vinkristini, hutokana na ua dogo la rangi ya waridi lenye asili ya Madagaska, ambalo limepandwa katika nyua nyingi za pwani yetu. Watu hulipita kila siku bila kulitazama mara mbili.

Turudi jikoni. Baada ya daktari alikuja mama mmoja mtaalamu wa lishe wa hospitali ile. Tulitazamia kwamba atatupa karatasi ndefu ya vyakula vilivyokatazwa. Karatasi alikuwa nayo, lakini aliikunja akaiweka mfukoni. "Hii mtaipoteza," alisema. "Ninyi mkiletewa chakula chochote, jiulizeni hivi: baada ya moto, ni nini kilichokigusa, na saa ngapi zimepita?"

Nimelitafakari sana swali lile, na naona kwamba linaweza kupimia karibu kila chakula chetu.

Chukua uji na mursik. Vyote viwili vimechachushwa, na watu husema ati kama kimoja kinafaa basi na kingine kinafaa. Lakini tazama moto ulikuja lini. Uji wa kuchachusha, unga hulowekwa kwanza, huachwa mpaka uwe mkali, kisha hupikwa mpaka uchemke. Moto ndio wa mwisho. Mursik ni kinyume. Maziwa hutiwa katika kibuyu kilichosuguliwa ndani kwa makaa ya mti uitwao senetwet, hufungwa, na hukaa siku nyingi. Siku hizi watu wengi huchemsha maziwa kwanza, wengine hawachemshi, lakini kwa vyovyote baada ya kibuyu hakuna moto tena. Kibuyu hakioni jua ndani yake, wala hakichemshwi kama sufuria. Kwa mtu mzima wa afya mursik ni chakula cha heshima, nasi sote tumewaona wanariadha wetu wakikinyweshwa uwanja wa ndege wanaporudi na medali. Lakini mtu ambaye chembechembe zake nyeupe zimekwisha asikinywe. Na maziwa mabichi ya ng'ombe, ambayo bado huuzwa kwa wingi kwa mitungi na chupa, yana hatari zaidi, kwa kuwa yanaweza kuwa na viini vya bruselosi na vingine vingi.

Chai yetu, kwa upande mwingine, ni kinga kubwa kuliko tunavyodhani. Mzungu hutia maziwa baridi katika kikombe. Sisi huchemsha maji, maziwa, majani na sukari katika sufuria moja mpaka ifurike, tunapuliza, inafurika tena. Chai ya namna hiyo ikinywewa ingali na moto, katika kikombe safi, haina neno, ila isiwe ya kuunguza koo.

Nyama choma ni habari nyingine. Moto wa makaa huikausha nje ilhali ndani bado ni nyekundu. Tena hata ikiiva, huletwa juu ya ubao ule ule ulioona nyama mbichi asubuhi, hukatwa kwa kisu kile kile, kisha kachumbari huwekwa pembeni. Moto ulikuwapo, lakini wa mwisho kuigusa nyama ni ubao. Mutura ni vivyo hivyo, pengine zaidi. Kama mgonjwa anatamani nyama, na mara nyingi hatamani kwa kuwa dawa humtia ladha ya chuma mdomoni, basi ikatwe vipande vidogo, ichemshwe mpaka ilainike, apewe na mchuzi wake. Kuku wa kienyeji ambaye Mluhya alimleta akiwa hai ni zawadi bora kuliko nyingi, maana atachinjwa hapo hapo na kupikwa kwa muda mrefu. Ila huyo anayemnyonyoa na kumpasua asishike kitu kingine mpaka amenawa kwa sabuni, na kuku mbichi asioshwe karibu na vyombo, kwani maji yanayoruka hubeba vijidudu.

Mayai yaive mpaka kiini kiwe kigumu. Mayai ya kuchemsha yanayouzwa kwa mkokoteni barabarani yameiva vizuri, lakini muuzaji huyapasua katikati na kutia kachumbari kwa kisu ambacho kimefutwa kwa kitambaa tangu asubuhi. Soseji nazo zimepikwa kiwandani, kwa hiyo watu hudhani zaweza kuliwa baridi. Afrika Kusini walipata funzo kali juu ya hilo. Mnamo mwaka 2017 na 2018 kijidudu kiitwacho listeria kiliwapata watu zaidi ya 1,000 huko, na zaidi ya 200 wakafa, na chanzo kilipatikana kuwa nyama ya kusaga iliyotengenezwa tayari, ile wanayoiita polony. Ubaya wa listeria ni kwamba huendelea kuzaana hata ndani ya jokofu. Nyama za namna hiyo zipashwe moto mpaka zitoe mvuke kote, au mgonjwa aziache kabisa.

Wali wa kiporo umenishangaza kuliko vyote. Mimi nimekulia wali wa jana uliokaangwa asubuhi, na sikuwahi kufikiri kwamba moto wa pili haufuti kila kosa la usiku. Kumbe kipo kijidudu kinachokaa katika mchele, mbegu zake hazifi katika kupika, na wali ukiachwa katika joto la kawaida huamka, huzaana na kutoa sumu. Sumu hiyo, au aina yake mojawapo, haiharibiwi kwa kupashwa moto. Shirika la Afya Duniani, katika mashauri yake matano ya usalama wa chakula yaliyotolewa mwaka 2001, linasema chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa 2 katika joto la kawaida, kwa sababu kati ya digrii 5 na 60 vijidudu huzaana kwa kasi. Hotipoti tunazozipenda zinafaa kwa muda ambao chakula bado kinachoma mkono. Kikishakuwa vuguvugu, hotipoti imegeuka kiota. Penye jokofu, chakula kiingizwe mapema, katika vyombo vifupi ili kipoe upesi. Pasipo na jokofu, na nyumba nyingi hazina, dawa ni kupika kidogo mara nyingi. Mgonjwa wa kemo naye hula kidogo mara nyingi, kwa hiyo mambo hayo mawili yanapatana.

Ukitaka chakula ambacho bibi zetu walitengeneza kana kwamba walijua habari za kemo, tazama githeri. Mahindi na maharage huchemka saa nyingi hata vijidudu vingi haviwezi kuvumilia, na ndani yake mna protini ya kujenga mwili. Mgonjwa mwenye vidonda mdomoni asagiwe, apewe laini, bila pilipili.

Lakini kuna jambo moja ambalo moto haulitengenezi. Mahindi au njugu zilizoota kuvu huwa na sumu iitwayo aflatoksini, na sumu hiyo haitoki kwa kupikwa. Watu wa Ukambani hawajasahau mwaka 2004, ambapo watu 317 waliugua na 125 wakafariki kwa kula mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu. Mahindi yenye rangi ya ajabu au harufu ya uvundo yasipelekwe kwa mgonjwa, wala kwa mtu yeyote.

Je, matunda na mboga mbichi? Hapa madaktari wenyewe wamebadili mawazo. Zamani mgonjwa wa kemo alikatazwa kila kitu kibichi, asionje hata kipande cha nyanya. Kisha wengine wakauliza kama katazo hilo linasaidia kweli. Katika uchunguzi uliofanywa Houston, Marekani, na kutangazwa mwaka 2008, wagonjwa 153 wa saratani ya damu waligawanywa, wengine wakala vilivyopikwa tu na wengine wakaruhusiwa matunda na mboga mbichi safi. Maambukizo makubwa na vifo havikutofautiana. Uchunguzi mwingine wa Italia, uliotangazwa mwaka 2023 juu ya wagonjwa waliopandikizwa chembe za uboho, ulionyesha vivyo hivyo. Hata hivyo tusiyachukue maneno hayo tukayaweka sokoni Nakuru kama yalivyo. Mboga za hospitali ya Houston zilioshwa kwa maji ya mfereji yaliyotibiwa. Sukuma wiki yetu nyingine humwagiliwa maji ya mto unaopita nyuma ya mitaa. Mtaalamu wetu alisema hivi: mboga za majani zipikwe, tunda lenye ganda, kama ndizi, embe, chungwa, papai na parachichi, lioshwe kwanza likiwa na ganda lake, kisha limenywe nyumbani na mtu aliyenawa, liliwe papo hapo. Matunda yaliyokatwa tayari na kufunikwa kwa karatasi ya plastiki kando ya barabara, yaachwe. Juisi ya miwa pia iachwe, kwa sababu ya ile mashine. Na dafu? Maji yaliyomo ndani ya dafu zima ni safi. Tatizo ni panga na mrija. Loosheni nyumbani, lipasueni kwa kisu safi, mimineni katika glasi.

Maji ya kunywa yachemke kwa nguvu dakika 1 nzima, na mahali palipoinuka kupita mita 2,000 yachemke dakika 3, kwa kuwa huko juu maji huchemka kabla hayajapata moto wa kutosha. Barafu ya dukani isitiwe katika kinywaji. Miti shamba nayo, pamoja na balungi, itajwe kwa daktari kabla ya kunywewa, maana baadhi yake hugombana na dawa. Na wale wanaomkataza mgonjwa sukari, nyama, maziwa na mayai kwa pamoja ati saratani isipate chakula, nawaomba watazame mizani. Mgonjwa aliyekonda sana huahirishiwa dawa.

Basi yote hayo ni mepesi ukilinganisha na jambo lililokuwa gumu kwetu, nalo ni midomo ya watu. Utamwambiaje mama aliyepanda matatu kutoka Kapsabet na kibuyu mapajani kwamba mursik wake hautanywewa? Kwetu kukataa chakula cha mtu ni kumkataa yeye mwenyewe. Shangazi alikuwa wa kwanza kupinga. Tulipomwekea sahani yake na kijiko chake alisema, "Mmenifanya mgeni katika nyumba yangu mwenyewe." Usiku ule hakula.

Aliyetutoa katika shida hiyo ni mzee mmoja wa kanisa, mtu wa pwani aliyeoa Nakuru. Alisema kwamba kwao mwanamke akizaa hukaa siku arobaini, ana chakula chake, ana mtu wa kumpikia, hapewi ovyo, na hakuna mgeni anayeudhika, kwani kila mtu anajua kwamba huyo ni mzazi. Akina mama wa Kikuyu waliokuwapo wakasema hata kwao mwanamke aliyejifungua hupewa njahi na uji wake, wala hakuna anayemletea upuuzi. Mzee yule akacheka, akasema kwamba Kiswahili kiliona mbali kilipokiita kijiko cha kusongea na katazo kwa jina moja, mwiko. Toka siku ile tukaacha kusema "daktari amekataza", maneno ambayo huwafanya watu wabishane na daktari asiyekuwapo. Tukawa tunasema, "Shangazi yuko katika arobaini." Watu walielewa mara moja, hata wale ambao kabila lao halihesabu arobaini.

Mambo yakapangwa upya. Aliyeuliza alete nini aliambiwa alete mayai, maharage makavu, unga wa wimbi, makaa au sabuni. Mwenye kutaka kupika alikaribishwa apike kwenye jiko la nyumba ile, kwa sufuria za nyumba ile. Hapo mlangoni paliwekwa ndoo yenye bomba na sabuni, na kila aliyeingia alinawa kwa maji yanayotiririka, si kuchovya vidole katika bakuli moja kama tufanyavyo katika karamu, ambapo wa mwisho hunawa uchafu wa wote. Mwenye mafua au tumbo la kuhara alisalimia kwa simu. Wageni waliendelea kula nyama choma yao na kachumbari yao sebuleni, maana wao hawakuwa wagonjwa.

Na ile habari ya sahani? Binti yake mkubwa aliitatua bila maneno. Chakula kilipotoka motoni, shangazi alipakuliwa kwanza, kabla ya mumewe, kabla ya wageni, kabla ya mchungaji, kingali kikitoa moshi. Kisha sote tukapewa sahani zetu, tukala chakula kile kile pamoja naye. Mumewe alishangaa kidogo siku ya kwanza, maana tangu waoane yeye ndiye aliyekuwa akianza. Siku ya pili alimsogezea mkewe kiti karibu na jiko.

Shangazi alimaliza dawa zote sita. Homa haikurudi tena, ijapokuwa safari moja dawa iliahirishwa juma zima kwa sababu damu ilikuwa bado chini. Baada ya dawa ya mwisho alingoja, akapimwa damu mara mbili, na daktari akamwambia kwamba sasa anaweza kula kama watu wengine. Kitu cha kwanza alichokitaka ni mursik.

Yule mama wa Kapsabet alikuja nao mwenyewe. Alikuwa amechemsha maziwa kwanza, alituambia hivyo kabla hatujauliza. Shangazi alikunywa vikombe viwili akafuta mdomo kwa kiganja. Kibuyu kilisuuzwa, kikafungwa katika kitambaa, kikarudi Kapsabet jioni ile pamoja na kilo mbili za sukari na kanga mpya, kwani chombo cha watu hakirudishwi kitupu.